Bahasha Isiyofunguliwa

Mama yetu akikipenda kitu, hukitia plastiki. Vyeti vyetu vya kuzaliwa, kitambulisho cha marehemu baba, kadi ya chanjo ya mwanangu, hata ramani ya kwenda kwa shangazi ambayo mjomba aliichora kwa kalamu ya wino, vyote vimepita kwenye mashine yake na kutoka viking'aa. Mtaani wameshalisahau jina lake. Wanamwita Mama Laminesheni, naye anaitika kwa raha zake.

Duka letu ni chumba kimoja cha steshenari, mlango unaangalia barabara. Kuna mashine ya fotokopi inayokohoa kila asubuhi kabla ya kukubali kazi, kompyuta moja, printa, kimashine cha kutolea risiti, na ile ya laminesheni iliyo kwenye meza ya mama karibu na dirisha. Mimi ndiye ninayeliendesha sasa. Mama anasema amestaafu, lakini kila siku ananitangulia kufika. Nusu ya wanaokaa kwenye benchi lake hawana hata karatasi ya kutoa kopi, wamekuja kupiga soga. Mama hana siri. Ukimwambia jino linakuuma, muuza vocha wa ng'ambo ya barabara atavuka kuja kukupa pole. Ndivyo alivyo, au ndivyo tulivyozoea kumsema.

Mwaka huu wenye jengo waliamua kuuza vyumba, kimoja kimoja. Dalali alipita na habari hiyo: mpangaji anapewa nafasi ya kwanza ya kununua chumba chake, akishindwa kinakwenda kwa mwingine. Huyo mwingine tulimjua. Ni jirani yetu mwenye duka la dawa, ambaye kila akija kutoa kopi alikuwa akiugonga ukuta wetu kwa kidole, anasikiliza kama ni rahisi kuvunjwa. Mama alikuwa akimwona, ananyamaza, na kwa mama kunyamaza ni ugonjwa. Mwisho wa kujibu ulikuwa Ijumaa.

Mimi fedha hiyo sikuwa nayo. Mdogo wangu alikuwa nayo.

Mdogo wangu ni fundi wa viyoyozi. Jina la Mtaalamu nilimbandika mimi tangu utotoni, kwa sababu hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, liwe la kweli au la kutunga. Kwa muda mrefu alikuwa akinunua sarafu za mtandaoni, leo kidogo, mwezi ujao kidogo, na mimi nikimcheka, nikimuuliza kama sokoni zinapokewa kwa nyanya. Zikapanda, zikaporomoka, zikapanda tena, yeye hakuzigusa. Nilipomweleza habari za chumba akasema, "Tumnunulie mama. Zangu zinatosha. Ila asijue mpaka tusaini." Sababu haikuhitaji kuelezwa. Mama akijua, mwenye duka la dawa atajua kabla ya jua kuzama, na bei itabadilika.

Basi Jumatatu ya wiki ile ile simu yake ikaanguka. Alikuwa nje ya dirisha la ghorofa ya tatu, kwenye jukwaa, anabadilisha feni ya kiyoyozi, akainama, simu ikachomoka mfukoni mwa ovaroli. Alikuja dukani na vipande vyake ndani ya kikombe cha plastiki, anacheka.

"Unacheka nini?" nikamuuliza. "Si ndiyo ilikuwa na zile fedha?"

"Fedha haziko kwenye simu, dada." Akavuta kiti, akakaa kama mwalimu. "Simu ni mlango tu. Kuna maneno kumi na mawili. Ukifungua pochi, yaani akaunti ya kuwekea sarafu, mara ya kwanza, programu inakupa hayo maneno, uyaandike uyaweke mahali. Nikipata simu nyingine, yoyote ile, naingiza maneno yangu kwa mpangilio ule ule, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa."

"Na ukiyapoteza?"

"Ukiyapoteza, basi. Hakuna ofisi ya kwenda kulia. Na akiyapata mwingine, fedha ni zake."

"Wewe umeyaweka wapi?"

"Kwa mama," alisema, na nikamwona anavyojisikia fahari.

Akanieleza alivyofanya, na nikiri kwamba mipango yake ilikuwa na akili, ndiyo maana inaniuma hata leo. Hakuyapiga picha, kwa sababu picha za simu hupanda mtandaoni zenyewe bila kukuomba ruhusa. Hakuyaandika kwa mkono, kwa sababu mwandiko wake humshinda hata yeye mwenyewe. Printa hakuiamini, kwa kuwa imeunganishwa na kompyuta, na kompyuta imeunganishwa na dunia nzima. Basi siku moja, mimi nimetoka kwenda kula, aliingia dukani akayaandika kwenye kimashine cha risiti kana kwamba ni bidhaa, na namba zake, moja hadi kumi na mbili. Kile kimashine hakina uhusiano na chochote. Ukikizima kimeshasahau. Akaikata risiti, akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha nene ya kaki, akaigandisha kwa gundi, akampa mama. "Nitunzie. Usifungue, usimwonyeshe mtu, usimwambie mtu."

Bahasha niliikumbuka. Nilikuwa nimemwona mama ameishika.

"Risiti hufifia, Mtaalamu," nikamwambia.

"Zinafifia juani. Kabatini kwa mama kuna jua?"

Tukamwita mama, aliyekuwa nje akipiga soga, mdogo wangu akamwomba ile bahasha, naye akaenda nyumbani, ambako ni mwendo mfupi tu, akarudi na mkoba wake amebana kwapani. Alikuwa na furaha. Mtoto amempa amana, leo anaidai, nayo ipo. Akafungua zipu, akaitoa, akaiweka mezani.

Bahasha ilikuwa ndani ya plastiki. Imenyooka, haina kiputo hata kimoja, kingo zake zimekatwa kwa mkasi kwa ustadi ule wa mama.

"Kule kabatini mvua ilishawahi kuvuja," alisema. "Nikaona usije ukanilaumu."

Mdogo wangu hakuelewa. Mimi nilielewa. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi yetu anajua kwamba karatasi ya risiti haina wino. Kile kimashine huiandika kwa joto, na kila mahali inapopata joto hugeuka nyeusi. Ndiyo maana mteja akileta risiti ya friji anataka iwekwe plastiki, tunaitoa kopi kwanza, tunaitia plastiki ile kopi. Hilo mama ndiye aliyenifundisha. Na mashine ya laminesheni ni joto tupu.

"Mama," nilisema, "hukufungua kwanza?"

"Kaniambia nisifungue."

Nikachukua mkasi, nikaikata plastiki, nikachana bahasha. Ile risiti ilitoka imekunjwa vile vile. Nikaikunjua mezani. Ilikuwa nyeusi ya makaa toka juu mpaka chini.

Mama aliigusa kwa ncha ya kidole, akaitambua hapo hapo. "Hii ni karatasi ya risiti," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayejisemea. "Baba, hii si ya kupita kwenye moto."

"Nani alikutuma uitie kwenye mashine?" mdogo wangu alisema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikamwambia achunge mdomo wake, anaongea na mama yake, si kibarua wake wa kushika ngazi. Lakini mama alinizuia kwa mkono.

"Hakuna aliyenituma," alisema. "Uliniambia ni kitu cha maana, na mimi kitu cha maana ndivyo ninavyokitunza. Uliniambia nisifungue, sikufungua. Hapa nyumbani mnanisema sina siri, nasikia, msidhani sisikii. Ningekuwa hivyo mnavyonisema, ningeichana siku ile ile. Ningeona ni risiti, ningekuita nikwambie, na leo kitu chako kingekuwa kizima."

Mteja aliingia kuuliza bei ya bahasha, akatutazama nyuso zetu, akatoka mwenyewe.

"Ndani kulikuwa na nini?" mama aliuliza.

Mdogo wangu akaangalia sakafu. Nikaona kama huyu haongei, naongea mimi, na ya kuficha yameshatufikisha pabaya. "Kulikuwa na chumba hiki," nilisema. Nikamweleza yote: sarafu, maneno, Ijumaa, jirani na ukuta wake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Nilitegemea atalia. Badala yake alivuta kiti chake karibu na dirisha. "Niletee ile taa ya meza," alisema. "Na mfunge mlango."

Kitu ambacho hatukukiona mwanzoni, kwa mshtuko, ni kwamba bahasha ilikuwa nene na risiti ilikuwa imekunjwa, kwa hiyo joto halikuipata sawasawa kila mahali. Ukiilaza bapa ni nyeusi. Ukiiinua pembe moja na kuipa mwanga kutoka ubavuni, pale palipopigwa chapa kwanza panang'aa tofauti kidogo na pale palipoungua baadaye. Kidogo sana. Mimi nilitaka kuiweka kwenye skana, niiongezee mwanga kwenye kompyuta, nimalize kazi. Mdogo wangu akaruka akanishika mkono. Skana imeunganishwa na kompyuta, kompyuta na mtandao. Tukiyapeleka maneno huko tumeyatangaza. Akasema ni macho tu.

Basi ikawa macho. Jumatatu mchana, Jumanne nzima, mlango umefungwa nusu, mimi nahudumia wateja dirishani na hao wawili wako pale mezani, vichwa vimegusana juu ya kijikaratasi. Mama alikuwa akishika taa, mdogo wangu anageuza karatasi. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, yanatoka kwenye orodha moja inayojulikana, kama elfu mbili hivi, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Siri si maneno, siri ni yapi na kwa mpangilio gani. Kwa hiyo mama akiona herufi ya kwanza na ya tatu, mdogo wangu anatafuta kwenye orodha neno linaloweza kukaa pale. Lilikuwapo la mnyama, likawapo la chombo cha jikoni. Zaidi ya hapo sikutajii.

Hawakuwa wakisemeshana zaidi ya kazi. "Inua." "Hapo." "Hiyo ni duara au imefungwa juu?" Mama alikuwa akimwita baba kama siku zote, lakini mdogo wangu alikuwa amebanwa na lile neno lake la kumuuliza nani alimtuma, nami nikamwacha limbane. Chakula alichonunuliwa alikiacha. Ukimuuliza, anasema hana njaa, mtu ambaye hajawahi kukosa njaa tangu azaliwe.

Jumatano walikuwa na maneno kumi na moja. La saba liliangukia kwenye kunjo lenyewe, ambapo plastiki iliibana bahasha zaidi, na pale hapakuwa na kitu, weusi mtupu. Mama aligeuza taa pande zote, akaomba kioo cha kukuzia, akaegemea dirisha mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Hili nimeliua," alisema hatimaye.

"Si kitu," mdogo wangu alisema. "Kumi na moja yanatosha. Hilo moja tutalijaribu."

"Utalijaribu vipi?"

"Neno kwa neno. Orodha yote."

Alikuwa ameazima simu ambayo haikuwa imewekwa chochote. Akaingiza maneno kumi na moja, na katika nafasi ya saba akaweka neno la kwanza la orodha. Programu ikakataa: maneno si sahihi. La pili, si sahihi. La tatu. Mama alimsomea orodha, yeye akabonyeza, na mimi niliyekuwa nikimcheka kwa sarafu zake nikajikuta nimeweka mkono kifuani kila kidole chake kinapogusa kioo.

Kisha ikakubali. Mama akapiga kofi mezani. Mdogo wangu akasogeza simu karibu na uso wake, nikaona rangi inamtoka. Pochi ilikuwa imefunguka, na ndani yake palikuwa na sifuri.

"Wamekuibia," mama alisema. Alishika mdomo. "Nani ameiona? Mimi sikumwonyesha mtu. Haki ya Mungu sikumwonyesha mtu, baba, sikumwambia hata jirani."

Hapo ndipo nilipotaka kulia mimi. Mdogo wangu aliweka simu chini, akamshika mama mikono yote miwili. "Hatujaibiwa, mama. Sikiliza. Kuna maneno yanayokubaliana yenyewe kwa bahati, programu inayaona yamekaa vizuri, inafungua. Lakini ni pochi nyingine. Haina mwenyewe, haijawahi kuwa na mtu. Yetu bado iko mbele."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuwa na hakika, namjua. Lakini alisema kwa namna ya kumtuliza mtu, si kwa namna ya kujionyesha anajua, na hiyo kwake ilikuwa mpya.

Zilifunguka nyingine nyingi za namna hiyo, tupu kama nyumba isiyowahi kuhamiwa. Kila moja ilitukata maini upya. Jumatano ikaisha. Alhamisi jirani wa duka la dawa akapita, akauliza kupitia dirishani kama tumeamua kuhusu chumba, maana ana fundi anayemsubiri. Nikamwambia fundi aendelee kusubiri, kusubiri hakujamuua mtu. Ndani mama alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, sauti imekauka, na mdogo wangu anabonyeza. Walikuwa wameshavuka nusu ya orodha.

Kisha sikumsikia tena mama akisoma. Niligeuka. Mdogo wangu alikuwa amelaza kichwa juu ya meza, mabega yanatikisika, na mama anamwangalia kwa hofu, hajui ni kilio cha namna gani. Nikaichukua simu mimi. Fedha zilikuwepo. Zote alizoweka, leo kidogo, mwezi ujao kidogo, zilikuwepo.

"Zipo, mama," nilisema. "Chumba kipo."

Dalali tulimpigia baadaye, kumwambia tunanunua. Mdogo wangu alipofuta uso, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba simu hii nayo inaweza kuanguka, na yale maneno ya zamani yameshasomwa kwa sauti dukani siku zote hizi, hayafai tena. Akafungua pochi mpya, yenye maneno mapya, akahamishia kila kitu humo. Kisha akachukua kadi mbili za manila na penseli, akamsogezea mama.

"Andika wewe. Mwandiko wako ndio unaosomeka."

Mama alikataa kwanza, akasema hataki kuyajua, asije akaota anayasema. Mdogo wangu akasema ayajue tu. Akamsomea kwa kunong'ona, mama akaandika taratibu, herufi moja moja, kadi ya kwanza kisha ya pili. Safari hii mdogo wangu hakuamini kwa kuangalia tu. Aliifuta pochi kutoka kwenye simu kabisa, mimi roho mkononi, akairudisha kwa kusoma kadi ya mama neno kwa neno. Ikarudi na vyote vyake.

"Moja nitaiweka kwangu," alisema. "Ya pili ikae nyumba nyingine, moto ukiunguza huku, kule ibaki."

Mama akaisukuma ile ya pili upande wangu. "Mpe dada yako. Mimi nimeshaonyesha ninavyotunza."

"Dada?" Mdogo wangu akaniangalia.

Nikaona si wakati wa kujitia mtakatifu. "Ile bahasha," nilisema, "siku mama alipoipokea niliiazima mara moja, nikaiinua kwenye balbu. Ingekuwa karatasi nyembamba, ningeyasoma yote."

"Na mimi ingekuwa ya mtu mwingine, ningeifungua kwa mvuke wa birika," mdogo wangu alisema. Akaichukua kadi, akaiweka mbele ya mama. "Katika sisi watatu ni wewe tu uliyepewa kitu kimefungwa ukakiacha kimefungwa. Kaa nayo wewe."

Mama aliipokea kwa mikono miwili, na sasa ndipo alipolia, machozi ambayo alikuwa ameyabana tangu Jumatatu. Mdogo wangu akavuta kiti akakaa ubavuni mwake.

"Mama, nisamehe kwa lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Silijui," mama alisema, akipangusa macho kwa kiganja. "Wewe una maneno mengi, baba. Mimi nimeshika haya kumi na mawili tu."

Akaitia kadi kwenye mkoba, akafunga zipu, akaniambia nifungue mlango, watu wamesimama nje.